Ramani ya Vyumba Saba

Lifti ya hospitali ilijaa pomoni asubuhi ile, na bomba la ramani la msanifu majengo likamchoma daktari wa uzazi ubavuni.

"Kaka, unataka kunipasua bila ganzi?"

"Samahani, Dokta. Nimekuja kupima wodi mpya."

Msanifu alivaa shati la samawati lililonyooshwa barabara. Daktari koti jeupe na viatu vyekundu vya kumtoa mtu macho. Kufika ghorofa ya tano walikuwa wanacheka. Miezi minane baadaye walikuwa hawamalizi saa moja bila kupigiana simu.

Siku moja, wakitoka ibadani, msanifu alimtandazia ramani ya nyumba watakayoishi wakioana juu ya boneti ya gari. Vyumba saba.

"Vya nani vyote hivi, mpenzi?"

"Vya watoto! Kwetu tulizaliwa tisa. Tutawapokea wote atakaotupa Mungu."

Daktari aliikunja ramani taratibu. Wiki ileile alikuwa amempoteza mama mmoja kwenye uzazi wa saba.

"Tumbo ni langu, na umechora bila kuniuliza. Unadhani mimi siombi? Kila nikivaa glavu naomba."

Akaondoka. Siku kumi na mbili simu ikawa kimya.

Msanifu alikuwa na kosa, tusifiche. Kazini hachori hata choo kabla ya kumhoji mteja, lakini mpenzi wake hakumuuliza lolote. Alienda kumlalamikia mama yake, akitarajia kuungwa mkono.

"Nyie tisa nawapenda wote, mwanangu," mama alisema. "Ila baba yenu hakuwahi kuniuliza. Ningependa kuulizwa."

Hapohapo msanifu akampigia daktari simu.

"Nina wagonjwa," daktari alijibu.

"Niongeze na mimi."

"Unaumwa nini?"

"Ujinga."

Daktari alijikaza, kicheko kikamponyoka. Alikuwa amemkumbuka mno.

Mchana walikutana kwenye kantini ya hospitali. Msanifu aliweka mezani karatasi tupu na penseli.

"Mteja wangu, unataka nyumba ya namna gani?"

Daktari alichora mlango, chumba chao, vyumba viwili vya watoto, kisha kimoja pembeni kwa nukta nukta.

"Na hiki?"

"Hicho tutaulizana kwanza, halafu tutamwomba Mungu. Sote wawili."

Msanifu alimshika mkono. "Kwa hiyo umekubali tuoane?"

"Mlango nimeshauchora," alisema daktari. "Ingia, baba watoto."