Mguu Usiosikia Mwiba

Advera alikuwa na namna yake ya kumwandalia mumewe chai. Alichemsha maji na majani, akatia tangawizi kidogo. Kisha alifunua ndoo nyeupe iliyokaa pembeni ya jiko, akachota asali vijiko vitatu vilivyojaa. Alikoroga taratibu mpaka asali yote ikayeyuka. Hapo ndipo alipoita.

"Baba Vene! Chai."

Mumewe, Wilbroad, alikuwa mrina asali. Kijiji chao hakiko mbali na Isikizya, mkoani Tabora. Mashamba ya karanga yanapoishia, msitu wa miyombo unaanza. Humo Wilbroad alitundika mizinga themanini na mitano. Kila mwezi wa sita, yeye na wenzake walipiga kambi msituni kwa wiki mbili au tatu, wakarina. Nyumbani kwake mgeni hakuondoka bila kulambishwa asali, na Wilbroad mwenyewe alionja kwanza, ndipo mgeni akapewa.

Mwaka uliopita daktari alimwambia kwamba ana kisukari. Alimpa vidonge. Alimwambia aache sukari, apunguze ugali, na arudi kliniki kila mwezi. Wilbroad alirudi nyumbani amenywea. Advera hakulia. Jioni ile ile alichukua kopo la sukari, akampelekea jirani.

"Chukua yote," alisema. "Kwangu sukari imekufa."

Tangu siku hiyo hawakununua hata robo kilo. Chai ilitiwa asali. Uji ulitiwa asali. Viazi vitamu vilichovywa kwenye asali. Advera aliona fahari. Asali si dawa? Bibi yake alimpa ya kikohozi, mama yake alimpa ya tumbo. Baada ya miezi mitatu Wilbroad alijisikia vizuri, akaacha kwenda kuchukua vidonge.

"Dawa ninayo kwenye ndoo," alisema. Advera alicheka naye.

Lakini mambo madogo madogo yalianza kumsumbua Advera. Mumewe alikunywa maji kama mtu aliyelamba chumvi. Kila usiku alitoka kukojoa mara nne, mara tano. Mkanda wake aliutoboa tundu jipya, kisha jingine.

"Unapungua, Baba Vene."

"Kazi hiyo. Mrina mnene umemwona wapi? Tawi litamkataa."

Asubuhi moja, mwishoni mwa mwezi wa tano, Advera alikuwa amemaliza kufagia uwanja. Wilbroad alipita peku kwenda bafuni. Advera aliangalia chini. Kila mahali alipokanyaga kwa mguu wa kushoto palibaki doa jekundu.

"Simama hapo hapo!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Keti. Nipe mguu."

Alimkalisha kwenye kigoda, akaupakata mguu. Chini ya kidole kidogo palikuwa na kidonda kikubwa kama kifuniko cha soda. Kingo zake zilikuwa nyeupe. Ndani yake mwiba ulikuwa umevunjikia. Kidole chenyewe kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Advera alisikia harufu, akajizuia asigeuze uso.

"Mwiba huu umekuchoma lini?"

"Mwiba gani?"

Alidhani anataniwa. Akabonyeza kando ya kidonda. "Hapa panauma?"

"Wala."

"Na hapa?"

"Mama Vene, siumwi. Paka asali, funga kitambaa. Alhamisi tunaingia msituni. Mwenzangu Ngollo ameshanunua unga wa kambi."

Kidonda kama kile, na mtu haumwi? Jambo hilo lilimtisha Advera kuliko damu. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea. Aliuchomoa mwiba, akafunua ndoo, akachota asali, akapaka, akafunga.

Mchana wa siku hiyo Nesi Kabula alikuja na chupa yake. Kabula alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji, binti wa Kisukuma kutoka Igunga. Alikuwa rika moja na Veneranda, binti yao aliyeolewa Nzega. Kwa hiyo hapo nyumbani alikuwa mtoto.

"Hodi wenyewe! Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuchukua asali ya mama yangu. Lita moja."

Wilbroad alifurahi. Alichota kijiko, akalamba kwanza kama ilivyo desturi yake, kisha akampa Kabula chake. Kabula alipoinama kukipokea, aliona nzi. Walikuwa wanatua kwenye kitambaa mguuni.

"Baba, mguu umefanyaje?"

"Mwiba mdogo tu."

"Naomba nitazame."

Kabula alinawa mikono kwa sabuni, akafungua kitambaa. Aliugeuza mguu huku na huku. Halafu akasema, "Baba, fumba macho. Kila nitakapokugusa, sema 'hapo'."

Wilbroad alifumba macho. Kabula aligusa kisigino. Akagusa katikati ya unyayo. Akagusa kidole gumba. Advera alihesabu: mara sita.

"Haya, anza basi," Wilbroad alisema, macho bado ameyafumba.

Advera aliziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, nimeshamaliza," Kabula alisema kwa upole. "Je, vidonge vya kisukari unameza?"

"Kisukari nilishakishinda. Sukari sijaonja mwaka mzima. Muulize Issa wa dukani kama bado anakumbuka sura yangu."

"Na chai unakunywaje?"

Wilbroad aliitazama ndoo. Advera ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Namtilia asali."

"Vijiko vingapi, mama?"

"Vitatu. Asubuhi na jioni. Na uji wa saa nne."

Kabula alikaa chini kwenye mkeka, karibu na Advera. "Mama, baba, nisikilizeni. Mwili hauulizi utamu umetoka dukani au mzingani. Asali ikishafika kwenye damu inapandisha sukari, kama ile ya dukani inavyopandisha. Mtu mwenye kisukari akiacha moja na kuzidisha nyingine, hajaacha kitu."

"Umekuja kununua asali yangu au kuitukana?" Wilbroad aliuliza. Sauti ilikuwa imepanda.

"Nimekuja kuinunua, na naondoka nayo. Asali yako ni safi, baba. Mama yangu hana kisukari, ataiweka kijiko kimoja kwenye chai yake, basi. Wewe unacho. Chakula ni kile kile, lakini miili ni miwili."

"Sasa mguu na chai vinahusianaje?"

"Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu. Ndiyo inayokuambia hapa moto, hapa mwiba. Mguu wako umenyamaza, baba. Mwiba umekuchoma na mguu haukukwambia. Sukari hiyo hiyo inaharibu na mishipa ya damu, kwa hiyo kidonda hakiponi. Kinaoza."

"Basi nikitoka msituni nitakwenda hospitali."

"Ukienda msituni Alhamisi, utarudi umebebwa. Wakati huo daktari hatashughulika na kidole." Kabula aliweka kiganja chini kidogo ya goti la Wilbroad. "Ataanzia hapa."

Wilbroad aliutazama mkono ule. Alikuwa akipanda miti kutundika mizinga tangu ana miaka kumi na minne.

"Mtu wa mguu mmoja hapandi mti," alisema, kama anaongea peke yake.

"Hapandi," Advera alisema. "Kwa hiyo inuka. Twende."

Zahanati kipimo cha sukari kilionyesha kumi na tisa nukta mbili. Kabula aliwaeleza kwamba mtu mwenye kisukari akipima asubuhi kabla hajala, inatakiwa iwe kati ya nne na saba. Alikiosha kidonda, akakifunika kwa bandeji safi. "Siku nyingine msipake kitu chochote nyumbani," alisema. "Si asali, si majivu, si dawa ya miti. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kinaletwa siku ile ile." Kisha aliandika barua, na pikipiki ikawachukua hadi hospitali mjini Tabora.

Daktari hakuzunguka. Kidole kidogo kilikuwa kimekufa, lazima kitoke. Mguu wenyewe alisema atajua baada ya siku chache. Kidole kilikatwa, na Wilbroad akawekwa dripu ya dawa na kuchomwa sindano za insulini.

Siku nne Advera alikaa kando ya kitanda kile. Alikuwa akiinua shuka, anatazama bandeji, anashusha. Anainua tena.

"Utauchosha mguu kwa kuutazama," Wilbroad alisema.

Hapo ndipo machozi yake yalipotoka. "Ni mimi, Baba Vene. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Kila asubuhi nilikuwa nakutilia maradhi, na ninakuita kwa furaha uje unywe."

Wilbroad alimtazama mkewe. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, hakuwa amemwona analia mbele za watu.

"Na mdomo ulikuwa wa nani?" aliuliza. "Vidonge nani aliviacha? Futa machozi, mke wangu. Kosa tulilila wawili. Kupona tutapona wawili."

Siku ya tano daktari alifungua bandeji mbele yao. Usaha ulikuwa umekauka. Nyama mpya, nyekundu, ilikuwa inachipua. "Mguu umebaki," alisema. Advera alikaa chini sakafuni pale pale.

Walirudi nyumbani na vidonge, bandeji na tarehe ya kliniki. Kabula alikuja siku hiyo hiyo, akaomba sahani. Akaikatia mistari kwa kidole.

"Nusu ya sahani iwe mboga: mlenda, mchicha, matembele. Robo iwe maharage, dagaa au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ugali, na uwe wa dona."

"Robo!" Wilbroad alishtuka. "Huo ni ugali au ni sadaka?"

"Viazi je?" Advera aliuliza. "Na michembe?"

"Viazi na viazi vilivyokaushwa ni ndugu wa ugali, mama. Akila kiazi, ugali unakaa pembeni. Na dawa anameza kila siku, hata akijisikia ana nguvu za kubeba nyumba. Anajisikia vizuri kwa sababu anameza."

Kisha alimfundisha Advera habari ya mguu. Kila jioni uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji ajaribu Advera kwa mkono wake, si Wilbroad kwa mguu. Ukaushwe, hasa katikati ya vidole. Utazamwe juu, chini na pembeni. Peku ni mwiko, hata ndani ya nyumba. Na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Wilbroad alikunywa chai bila asali huku amekunja uso. Advera aliamua kunywa hiyo hiyo, ingawa yeye hakuwa mgonjwa.

"Kwa nini unajitesa?" mumewe alimuuliza.

"Nakunja uso na wewe, usikunje peke yako."

Wageni waliendelea kuja, na asali waliendelea kupewa. Ila sasa Advera ndiye aliyeonja kwanza, ncha ya kijiko tu. Wakimlazimisha Wilbroad, alicheka. "Lambeni ninyi. Mimi fungu langu nilishalimaliza."

Mwezi wa sita ulipita bila yeye kwenda msituni. Wenzake walimrinia. Mwezi wa nane kidonda kilifunga. Kliniki ya mwezi wa tisa, kipimo cha asubuhi kilisoma sita nukta nne. Wilbroad alimwomba muuguzi arudie kusoma, kisha akamtazama Advera kama kijana aliyefaulu mtihani.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na mavuno madogo ya asali. Daktari alimruhusu kwenda siku tano, kwa masharti. Viatu vya kufunika vidole, soksi safi, vidonge, na kupanda miti awaachie wengine. Yeye ashike bomba la moshi wa kutuliza nyuki, akiwa chini. Advera alifunga mzigo mwenyewe. Sabuni, taulo, kioo kidogo cha kutazamia unyayo. Usiku alifungua mzigo, akahesabu vidonge tena.

Jioni ya kwanza simu yake iliita kabla jua halijazama. Wilbroad alikuwa amepanda juu ya kichuguu ili apate mtandao.

"Umekula?"

"Nimekula. Maharage mengi, ugali wa sadaka."

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Mguu umeutazama?"

"Ngollo ameutazama. Huyu hapa."

Ngollo alipokea simu. "Shemeji! Unyayo wa mumeo nimeukagua kuliko uso wa mke wangu. Ni mzima kabisa."

"Asante, shemeji. Na katikati ya vidole?"

Advera alimsikia Ngollo akinong'ona, na Wilbroad akinung'unika. Alisikia buti likivuliwa.

"Haya," Wilbroad alisema baadaye, anahema. "Tumetenganisha kimoja kimoja. Ni pakavu, ni pasafi. Vidole tisa, vyote vipo."