Msimwite Mke Wangu

Jiko la keki lilikuwa halijawashwa tangu mwenyewe alipopotea. Waya wake ulikuwa umechomolewa ukutani na kuviringishwa juu yake. Lakini alasiri ile jikoni kulinuka sukari iliyoungua. Fundi aliingia, akafungua mlango wa jiko na kupitisha kiganja ndani. Chuma kilikuwa baridi. Akarudi sebuleni, akamkuta binti yake amekaa sakafuni, simu mapajani, anasikiliza watu asiowajua wakimjadili mama yake.

"Umeunguza kitu?"

"Hapana, baba. Hata mimi naisikia hiyo harufu."

"Inatoka wapi sasa?"

Binti akapunguza sauti ya simu. "Inakuja wakimtaja mama jina. Wakinyamaza, inaondoka. Nimeifuatilia tangu asubuhi."

Jina lenyewe halitatajwa hapa, na atakayefika mwisho atashukuru. Wateja walimwita Mama Keki, na hilo linatosha. Alioka keki za harusi na za watoto, akapigizana kelele na wauza mayai, na akamwendesha mumewe mbio kwa mdomo uliokuwa haupoi. Fundi alishona viti vya magari kwenye banda mbele ya nyumba. Walipendana kwa namna ya watu waliozoea kununiana na kusahau.

Siku aliyopotea, wao wawili walikuwa wanasafiri kwenda kumwona mdogo wake Mama Keki aliyejifungua. Katikati ya pori, barabara nyeupe kwa jua, walifika kwenye kituo cha mizani ya malori kilichofungwa siku nyingi, milango na madirisha yamezibwa kwa matofali. Mama Keki akasema gari lisimame, amebanwa. Akashuka na ndara zake za mpira, moja ikiwa imeungwa kwa waya na Fundi mwenyewe, akazunguka nyuma ya jengo. "Usianze kupiga honi," alisema. "Nakuja."

Fundi alisubiri mpaka subira ikamwisha, akamwita kwa jina. "Nakuja," ikajibu sauti yake kutoka nyuma ya jengo. Akaita tena. "Nakuja," na safari hii ilitoka ndani ya jengo, nyuma ya matofali. Alipoita mara nyingine ilitoka kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, na kiti kilikuwa kitupu. Alimtafuta mpaka sauti ikamkauka, akaenda polisi, akawaeleza yote bila kuficha. Hapo ndipo alipojiponza. Angedanganya kidogo, angeaminiwa.

Kesi ikadakwa na kundi la mtandaoni lililojiita Macho ya Umma, wapelelezi wa kujitolea ambao hakuna aliyewatuma. Kiongozi wao alijulikana kama Darubini. Mchana aliuza makava ya simu, na tangu kundi lake lilipofanikiwa kupata pikipiki iliyoibwa, kichwa kilikuwa kimemvimba. Walikuwa na utaratibu wao. Mtu akipotea, jina lake lilibandikwa juu ya kundi kama kibao cha mlangoni, na kila ujumbe, wa maandishi au wa sauti, ulianza kwa kumwita yeye mwenyewe, kana kwamba yuko chumba cha pili. Kesi ikifungwa, jina lilifutwa na yote yaliyosemwa yakafutwa, wakahamia kwa mwingine.

Fundi walishamhukumu. Kwa nini hakulia mbele ya kamera? Kwa nini alinunua maji kituo cha mafuta? "Nakuja" ikawa utani wao. Hata mtoto wa jirani, akitumwa dukani, aliitikia hivyo huku akimwangalia Fundi kwa pembe ya jicho.

Kisha Darubini akaamua kufanya jaribio. Akaenda na wenzake mpaka kwenye ile mizani, wakarusha moja kwa moja, watu elfu arobaini wakisikiliza majumbani mwao. Nia ilikuwa kupima kama mtu aliye nyuma ya jengo anaweza kusikika barabarani. Akasimama pale aliposimama Fundi, akajaza kifua pumzi na kuita jina.

Nyumbani kwa Fundi simu ilinyamaza. Binti alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Nakuja."

Haikutoka kwenye simu. Ilitoka nje, nyuma ya ukuta wa jikoni.

Wapelelezi walibishana jioni nzima. Wengi walisema sauti imetengenezwa. Mmoja aliandika kwamba kwake ilitokea kwenye tangi la maji, akaweka vikaragosi vya kucheka, na hakuandika tena kitu.

Kuanzia hapo kila alipoitwa, iliitika, na kila ilipoitika ilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa nyuma ya ukuta, ikawa penye kamba ya nguo, ikawa penye ngazi ya mlango wa nyuma, na sasa pamoja na sauti kulikuwa na hatua, ndara moja ikipiga kisigino, pa, halafu mguu mtupu ukiburuzika kwenye saruji, halafu pa tena, taratibu, bila haraka yoyote, na harufu ya sukari ikizidi kuwa nzito mpaka Binti akawa anakula na kitambaa puani, na Fundi akawa anashona huku cherehani ikikwama, kwa sababu mguu wake ulikataa kukanyaga kila alipoisikia ile ndara ikitua mahali ambapo jana yake ilikuwa haijafika.

Mchana mmoja Binti alimkuta baba yake ameshika komeo la mlango wa nyuma.

"Baba, acha."

"Labda ni yeye."

"Angekuwa mama, angeshanitukana kwa vyombo nilivyoviacha."

Fundi akaegemeza paji la uso mlangoni. "Nimemkumbuka mpaka nimeishiwa akili, mwanangu. Hata kama si yeye, nitaisikia ile sauti."

Binti alimsogelea. Alimtoa vidole kwenye komeo kimoja kimoja, akamrudisha bandani.

Msaada ulikuja na kiti cha pikapu. Mwenye pikapu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekodisha maturubai na viti vya sherehe, na watu walijua kwamba pembeni alitibu walioingiliwa na majini, japo mwenyewe alisema maturubai ndiyo yanayomlisha. Alikuja kuchukua kiti chake. Simu ikalia juu ya cherehani, ujumbe wa sauti ukafunguka wenyewe, mtu akaliita jina, na nyuma ya nyumba kukaitika.

Mama wa maturubai akaweka kiti chini. "Nani anaitika huko?"

Fundi akamweleza. Mama yule hakushangaa. Aliingia jikoni, akasimama, akanusa, akarudi amekunja uso.

"Huyo si mkeo," alisema kwa sauti ya chini. "Mkeo yuko kulekule, hai, anazunguka lile jengo anatafuta gari. Kila akiitwa, huyu anamtangulia kuitika, naye anarudishwa nyuma."

"Anataka nini kwetu?"

"Jina. Wale hawana majina, hiyo ndiyo njaa yao. Akiitwa vya kutosha, linakuwa lake, na aliyekuwa nalo anabaki pori bila kitu cha kumrudisha."

"Basi mfukuze, dada yangu. Nakupa chochote."

"Nimfukuze nimpeleke wapi, na watu elfu arobaini wanamwita? Mimi nafukuza asiyealikwa." Akaanza kufunga kiti kwa kamba. "Nyamazisheni watu. Jina lipoe. Likipoa, mkeo ataiona barabara. Na siku huyu akipiga hodi, msimkaribishe; akikaribishwa, ameshika nafasi ya mkeo. Mdomo umezoea kujibu hodi bila kumuuliza mwenyewe, na hatari ndiyo hiyo."

Usiku ule Fundi hakulala. Asubuhi aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kundi: "Nawaomba kwa heshima zote, msimwite tena mke wangu. Msilitaje jina lake hata kwa maandishi."

Mtu mwerevu kuliko yeye angeona litakalofuata. Ujumbe ule ulisambazwa kila mahali. Darubini alirekodi sauti ya uchungu: ndugu zangu, mmewahi kuona wapi mume anayekataza mkewe aitwe? Akatangaza kwamba Jumamosi jioni wote watamwita kwa pamoja, kila nyumba na spika yake, mpaka dunia isikie.

Fundi akampigia.

"Kijana, nakuomba kama mwanangu. Mnamuua."

"Mzee, aliyemuua unamjua wewe."

"Hajafa. Ukimwita, hawezi kurudi."

Darubini aliposema tena, makeke yalikuwa yamemtoka. "Dada yangu alipotea nikiwa mdogo. Nyumbani walinikataza kumtaja, eti mama atalia. Hakuna aliyemwita, mzee. Hakurudi. Mimi sinyamazi tena."

Fundi akakata simu. Hata chuki aliyokuwa ameiandaa ilimwishia mkononi. Akaketi juu ya kiti alichokuwa akikishona. Huko nyuma ndara ikapiga, pa, ikatulia chini kabisa ya mlango.

Ndipo alipokumbuka utaratibu wao. Wanamwita mtu mpaka kesi ifungwe. Ikifungwa wanafuta.

"Binti, njoo," aliita. Alipomwambia anachotaka kufanya, mtoto alishuka mpaka chini akamkumbatia miguu.

"Watakufunga maisha, baba."

"Akirudi watanifungua."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi, mimi nje nafanya nini?"

Ijumaa asubuhi Fundi aliingia kituo cha polisi, akamwambia askari mzee wa zamu kwamba amemuua mkewe. Alipoulizwa mwili uko wapi, alisema hakumbuki. Alipoulizwa kwa nini, alitafuta sababu yoyote ya kumfanya mtu amuue yule mwanamke, akakosa, akasema tu alikuwa na hasira. Wakamfungia mahabusu. Kabla ya adhuhuri Darubini alishatangaza: kesi imefungwa, tulisema. Watu wakapongezana. Jina likafutwa mlangoni mwa kundi, sauti na maandishi yote yakafutwa, na jioni walikuwa wanamwita mtu mwingine.

Fundi alikaa kwenye saruji akihesabiwa na wezi wa kuku kuwa muuaji. Aliogopa. Alijuta, kisha akajutia kujuta. Kila Binti alipoleta chakula, aliuliza jambo moja kupitia nondo.

"Inanuka bado?"

"Kidogo." Halafu siku nyingine: "Leo hapana. Na ile ndara siisikii tena, baba. Nimefagia mpaka nyuma."

Mahabusu wenzake walishangaa kumwona muuaji akilia kwa furaha juu ya sahani.

Mwezi ulikuwa haujaandama tena Mama Keki alipotokea barabarani, mbele ya lori lililobeba saruji. Amekonda, midomo imepasuka, mguu mmoja una ndara na mwingine mtupu. Dereva alimfikisha mjini, na habari ikaanza kuzagaa. Mama wa maturubai ndiye aliyempokea pamoja na Binti, akamwonya kabla hajanawa uso: jina la zamani ni marufuku, asiitwe kwalo na asiliitikie, mpaka apewe jingine.

Wakampeleka kituoni asubuhi, kituo kimejaa watu na jua limeingia mpaka mezani. Mzee wa zamu alikuwa ameshaelezwa, anajaza karatasi za kumwachia Fundi, ameinamia kalamu. Fundi akatolewa ndani. Walitazamana. Alitaka kumwita, jina likamfika ulimini, akalimeza.

"Umekonda," alisema badala yake.

"Na wewe umefuga ndevu za hovyo," alisema mkewe, na sauti ilikuwa yake, kavu, yenye chokochoko ileile. Fundi akaketi karibu naye kwenye benchi na kumshika mkono. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa mkono wa mtu. Hakuwahi kuwa na furaha kubwa namna ile maishani mwake, na alilia mbele ya watu wote bila kujali.

Mlango wa mbele ukafunguka kwa kishindo. Kijana mwembamba aliingia, simu ameinua juu, machozi yanamtiririka, na Fundi akaitambua sauti kabla hajamtambua mtu.

"Ndugu zangu wote mnaonitazama, nimekosea," Darubini alisema. "Nimemkosea mzee huyu. Lakini yuko hai, mwoneni. Mpokeeni. Mwiteni."

"Zima," alisema Binti. "Kaka, nakuomba, zima."

Lakini kijana alikuwa na miaka mingi ya kukatazwa kumwita dada mmoja asiyerudi, na sasa alikuwa na dada mbele ya macho yake. Alimwita kwa jina, kwa upendo, mara tatu, na ndani ya simu maelfu wakamwita naye.

Mama Keki aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kituo chote kikanuka sukari iliyoungua.

"Nakuja," ikajibu sauti kutoka koridoni.

Fundi alimgeukia mkewe. "Usiitike. Nitazame mimi. Usiitike."

Mkewe akatikisa kichwa, akaondoa mikono, akafungua mdomo kumjibu. Midomo ilicheza, na hakuna kilichotoka.

"Sijaitika," ilisema sauti yake, koridoni.

Pa. Mguu mtupu ukaburuzika. Pa. Kwenye simu ya Darubini watu walikuwa wanashangilia kwamba amesema, wamemsikia. Mkono aliokuwa ameushika Fundi ulianza kupoa kuanzia kwenye vidole. Ndara ikafika nyuma ya mlango wa koridoni, ikasimama kwa adabu.

"Hodi."

Binti alikurupuka na kukimbilia mezani, mkono mbele, amzibe mzee mdomo. Lakini mzee wa zamu alikuwa ameinamia karatasi zake, na ameijibu hodi maisha yake yote ya kazi bila kuinua kichwa.

"Karibu," alisema.