Bangili za Shaibalini

Studio ile ya filamu ya Tollygunge, Kalkata, haikuwa na jiko, wala hakuna aliyefungua chakula, lakini mwigizaji Malobika alipokaa apambwe awe bibi harusi alisikia harufu ya samaki akikaangwa kwa mafuta ya haradali. Tarala, mama wa mavazi, naye aliisikia. Kwao husemwa mizimu ya wake hupenda samaki, lakini aliendelea kumchana.

Siku hiyo walirekodi onyesho la ndoa, ambayo filamu nzima iliitegemea. Bhupati, mwongozaji asiyeambilika, alizikataa bangili za studio kwa kuwa zilionekana mpya. Hapo Himangshu, aliyecheza kama bwana harusi, akatoa mfukoni bangili mbili za kombe la bahari, alama ya mwanamke aliyeolewa, nyeupe zilizoanza kuwa manjano. Zilikuwa za Shaibalini, marehemu mkewe. Kalkata nzima inajua kwamba mke akifa mumewe yu hai, huchomwa na bangili zake mkononi. Himangshu alimvua bangili hizo kwa siri kabla ya moto, abaki na kumbukumbu. Sasa alimpenda Malobika, na baada ya filamu wangeoana kweli, basi akaona si vibaya azivae, akamvisha. Mtu mzima na akili zake!

Taa zikawaka. Malobika alibebwa juu ya kigoda, uso nyuma ya majani ya tambuu, na alipoyashusha ili bibi na bwana watazamane alitaka kutabasamu kama walivyofanya mazoezi, lakini midomo haikumtii, na shingo ikageuka yenyewe, polepole, na baridi ikapanda kutoka kwenye bangili hadi mabegani, na akamwona Himangshu akirudi nyuma hadi taji likamwanguka, kwa sababu macho yaliyomtazama aliwahi kuyafumba kwa vidole vyake mwenyewe.

"Umenivua," kinywa cha Malobika kilisema kwa sauti nzito. "Nimekwenda mikono mitupu, mume wangu. Huko wananicheka."

Bhupati alimnong'oneza mpiga picha asizime kamera.

Walijaribu kuzitoa kwa sabuni, wakajaribu mafuta. Bangili zilizidi kubana hadi vidole vikawa vya bluu. Malobika alisikia kila kitu, kama mtu aliyefungiwa chumbani ndani ya nyumba yake. Mganga aliyeitwa alichoma bizari ya manjano chini ya pua ya Malobika, akasikiliza matusi yaliyomtoka kinywani, kisha akaagiza bangili zivunjwe.

Tarala aliushika mkono wa mganga. "Bangili za mke huvunjwa mume akishakufa, baba. Unataka kumfanya mjane?"

"Hii ni filamu tu," alisema Bhupati.

"Bangili hazijui filamu, kaka."

Himangshu hakungoja. Alichukua jiwe, akagonga. Bangili ya kwanza ilipasuka, na Malobika akavuta pumzi iliyokuwa yake. Papo hapo Himangshu alishika kifua, akaanguka magotini, midomo imekauka.

"Bado moja," alisema mganga. "Ivunje, binti, uwe huru."

Himangshu mwenyewe alimsogezea jiwe. "Vunja, Malo. Mimi ndiye niliyekosa."

Malobika alilichukua. Alimtazama akihangaika kupumua, akamwonea hasira na huruma pamoja, na akajua kwamba akigonga Himangshu atakufa, naye atatoka humo peke yake. Alilitupa lile jiwe mbali, akamwambia mganga aende zake. Himangshu alianza kupumua vizuri.

"Ahsante, mke mwenzangu," kinywa cha Malobika kilisema kwa ile sauti nzito, na mkono wake ukashuka kupapasa nywele za Himangshu. "Sasa mnyanyue mume wetu, twende nyumbani."