Tushone Pamoja, Kila Mtu Kwake

Mama Pacha alifagia sebule kwa mara ya pili asubuhi hiyo, ingawa hapakuwa na vumbi. Akaweka ufagio. Akafungua dirisha, akatazama barabara, akalifunga. Halafu akaenda jikoni, akafunua sufuria tupu, akaifunika tena.

Mumewe alikuwa mezani akinywa chai. Alikuwa fundi wa mitambo ya maji, na kazi hiyo ndiyo iliyowahamishia mji huu.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Sitafuti kitu."

"Basi umeshakipata. Kaa unywe chai."

Mama Pacha hakukaa. Tangu wahamie nyumba hii ya ghorofa, moyo wake ulikuwa juu juu. Pacha wake walikuwa watu wazima, kila mmoja na maisha yake mbali. Mumewe alitoka asubuhi, akarudi jioni. Yeye alibaki na kuta. Cherehani yake ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa.

"Shona basi," mumewe alisema.

"Nishone na nani?"

"Kwani cherehani moja inaendeshwa na watu wangapi?"

Mama Pacha aligeukia dirisha. Mwanamume hangeelewa. Kule walikotoka, kila Jumamosi asubuhi wanawake watatu walikaa sebuleni kwake. Yeye, na wifi yake, yaani dada wa mumewe, na jirani yao wa siku nyingi aliyekuwa mkunga. Mkunga alikuwa amestaafu, lakini jina la kazi lilikuwa limemganda. Nusu ya watu wa mji ule walizaliwa mikononi mwake.

Walishona mablanketi ya vipande. Walikata miraba kutoka kwenye mabaki ya vitambaa. Waliiunganisha mpaka ikawa uso mmoja mpana. Chini ya uso huo waliweka pamba, na chini ya pamba wakaweka bitana. Kisha walishona tabaka zote tatu pamoja ili pamba isihame. Mablanketi yalikwenda kwenye wodi ya watoto, pale Mkunga alipofanya kazi zamani. Lakini blanketi lilikuwa nusu ya furaha tu. Nusu nyingine ilikuwa maneno. Mdomo mmoja ukisimulia, sindano zinakwenda.

Siku ya kuhama waligawana vipande vya blanketi waliloanza. "Kila mtu ashone fungu lake," Wifi alisema. Fungu la Mama Pacha lilikuwa bado ndani ya mfuko, halijaguswa.

Wiki hiyo Wifi alipiga simu.

"Wifi yangu, nimepata dawa yetu," alisema. "Tukutane kwa video. Kila mtu kwake, na cherehani yake. Nitakutumia linki, ukiibonyeza tu umeingia."

Mama Pacha hakulala usingizi wa maana siku ile. Jumamosi alipiga pasi vipande vyote. Alivaa gauni la kutokea. Akaegemeza simu kwenye glasi, akabonyeza.

Mkutano ulikuwa vurugu tangu mwanzo. Cherehani ya Wifi ilinguruma mpaka maneno yakapotea. Simu ya Mama Pacha iliteleza ikaanguka, wenzake wakabaki wakitazama dari. Mkunga ndiye aliyekuwa ametulia. Alikuwa ameilaza simu vizuri juu ya vitabu, na mikono yake ilionekana wazi ikishona kwa sindano ya mkono.

Hapo Mama Pacha aliona kitu. Mikono ile ilikuwa inatetemeka. Sindano ilikwenda pembeni mwa kitambaa, ikarudi, ikatafuta tena pa kuingilia.

Ghafla picha nyeusi isiyo na uso iliingia katikati yao. Sauti ya mwanamume asiyemfahamu ilisikika, na nyuma yake muziki wa makelele.

"Huyo bibi anashona au anakoroga chai?" sauti ilisema, ikacheka. "Tazama mikono hiyo."

Hakuna aliyejua la kufanya. Wifi alibonyeza huku na huku. Mgeni aliendelea kutukana. Mkono wa Mkunga ulisogea mbele ya kioo, na picha yake ikatoweka.

Mama Pacha alizima simu. Alimpigia Mkunga, simu haikupokelewa. Akampigia Wifi.

"Yule mtu ametoka wapi?"

"Niliweka linki kwenye kundi la mtaa," Wifi alisema. "Nilidhani wapo watakaotaka kushona nasi."

"Kundi la watu mia na ushee, Wifi? Umeacha mlango wazi, mwizi kaingia, sasa unashangaa?"

"Nilitaka kheri, nimepata shari. Unanisema kama mtoto?"

"Mkunga hapokei simu."

"Kwangu pia hapokei. Lakini wewe uko mbali, mimi ndiye nitakayekutana naye njiani."

Wakaagana vibaya. Siku zilizofuata Mama Pacha alizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alianza kuosha vyombo, akaacha katikati. Alitoa vitambaa kwenye mfuko, akavirudisha. Kilichomchoma zaidi si yule mgeni. Ilikuwa ile mikono. Tangu lini inatetemeka? Walikaa naye sebule moja wasione? Au walikuwa wanaongea tu, bila kutazama?

Nyumba iliyotazamana na yake alikaa dada mmoja aliyefundisha watu wazima lugha. Majirani walimwita Mwalimu. Mwanzoni Mama Pacha alidhani ana matatizo, kwa sababu mchana kutwa alisikika akisema na watu wasiokuwepo. "Rudia tena. Vizuri. Sasa wewe." Baadaye alielewa kwamba anafundisha kwa video.

Alhamisi alimgongea.

"Karibu, mama," Mwalimu alisema. "Nilikusikia ukivuta viti huko kwako. Nikasema labda mama anahama tena."

"Sihami, mwanangu. Nafsi ndiyo inayohama." Akaketi, akamweleza yote.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana," alisema. "Yalinikuta na mimi, darasa langu la kwanza. Mtu aliingia akaimba matusi. Nililia. Lakini mama, nyumba yako ina komeo, si ndiyo? Na mkutano una komeo lake. Hamkulifunga kwa sababu hamkuambiwa lipo."

"Nionyeshe."

Mwalimu alichukua simu. "Kwanza, linki ni ufunguo. Usiuweke kwenye kundi kubwa. Mtumie mtu mmoja mmoja, yule unayemjua. Akitaka kuja na mwenzake, akuulize kwanza. Pili, tazama hapa. Hiki ni chumba cha kusubiri. Ukikiwasha, anayebisha hodi anabaki nje mpaka mwenyeji amfungulie. Humjui, humfungulii."

"Na akishaingia?"

"Bonyeza jina lake, mtoe. Ukimtoa, funga mkutano asirudi. Usibishane naye. Mtu wa namna hiyo anakula hasira za watu."

Mama Pacha aliomba arudie, akajaribu mwenyewe. Alimwacha Mwalimu nje ya mkutano, akamfungulia, akamtoa.

"Umenitoa upesi hivyo?" Mwalimu alisema. "Sijatukana bado."

Mama Pacha alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

Mwalimu aliendelea. "Na zile kelele. Kila mtu azime maiki yake cherehani inapokwenda. Anayesimulia ndiye awashe. Simu usiiegemeze kwenye glasi, itakuangusha. Iweke juu kidogo, ifungwe kwa kamba au ishikwe na kibanio, ielekee mikononi. Mwanga utoke mbele yako, si mgongoni. Kata vitambaa na upige pasi kabla, ili muda wa pamoja uwe wa kushona. Bando likiwa dogo, zima picha, baki na sauti."

"Mtu anaweza kukaa bila picha?"

"Mkutano ni wenu. Wanafunzi wangu wengine sijawahi kuwaona sura, na wanaongea vizuri."

Mama Pacha alirudi kwake akiwa na neno hilo moyoni. Halafu akampigia Wifi.

"Wifi, nilikusema vibaya. Komeo lilikuwepo, wala mimi sikulijua. Nisamehe."

"Yamekwisha," Wifi alisema. "Hata mimi sijatulia. Nimefumua mshono mmoja mara tatu."

"Nenda kwa Mkunga. Usipige simu. Nenda ukae naye, kisha uniunganishe."

Wifi alikwenda jioni ile ile. Mama Pacha alisubiri akiwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi. Ilipolia, alisikia sauti nzito ya Mkunga.

"Wifi yako ameniomba radhi mpaka nimechoka. Sina kinyongo. Lakini kushona nimeacha."

"Kwa sababu ya mpumbavu yule?"

"Mpumbavu yule alisema kweli. Mikono yangu hainitii tena. Nilikuwa naificha. Pale sebuleni kwako nilichukua kazi ya kupanga rangi, ninyi mkadhani napenda kupanga rangi."

"Umemwona daktari?"

"Nimwambie nini? Mimi nimeshika watoto wa mji mzima. Sasa nishindwe kushika sindano?"

"Umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Ungekuwa bado kazini, na mama mjamzito akaficha kitu, ungemwambia nini?"

Mkunga aliguna. "Ningemfokea."

"Basi jifokee mwenyewe, mimi niko mbali. Na Jumamosi uingie. Usishone. Zima picha. Vipande vyangu vimenishinda kupanga, nahitaji jicho lako."

"Na yule mtu?"

"Mlango una komeo sasa. Mwenyeji ni mimi."

Jumamosi ilipofika Mama Pacha aliamka mapema. Alifunga simu kwenye kibanio juu ya meza, akavuta meza mpaka mwanga wa dirisha ukamkabili. Alimfungulia Wifi. Kisha akasubiri, akitikisa mguu chini ya meza. Mwisho jina la Mkunga likatokea kwenye chumba cha kusubiri. Akamfungulia. Hakukuwa na picha, jina tu.

"Nipo," Mkunga alisema. "Hiyo nyekundu ya pembeni iondoe. Inagombana na jirani yake."

Walifanya kazi. Cherehani zilipokwenda, maiki zilizimwa. Mkunga alisimulia habari ya bwana mmoja aliyemleta mkewe kujifungua kwa baiskeli, akaisahau baiskeli hospitalini, akarudi siku ya pili kuuliza kama imezaa. Mama Pacha alicheka mpaka mshono ukapinda. Yeye mwenyewe hakugundua kwamba alikuwa amekaa asubuhi nzima bila kuinuka.

Mkunga alikwenda kwa daktari, Wifi akamsindikiza. Daktari alimpima, akampa dawa, akamwambia asiache kutumia mikono. Aegemeze viwiko mezani, apumzike anapochoka, achukue sindano kubwa na uzi mnene. "Nimempenda," Mkunga alisema. "Ameongea nami kama mtu, si kama mzee."

Wiki kadhaa zilipita. Jumamosi moja, bila kutangaza, picha yake ikafunguka. Viwiko vilikuwa mezani. Mikono ilishika mraba wa bluu, na bado ilitetemeka, ingawa si kama mwanzo. Aliingiza sindano. Akakosa. Akaingiza tena.

Wifi na Mama Pacha walinyamaza. Walitazama vitambaa vyao.

"Msininyamazie hivyo," Mkunga alisema. "Mmefiwa? Semeni kitu."

Mama Pacha alisogeza uso karibu na kioo. "Mshono wako umepinda, dada."

"Wapi?"

"Pale kati. Umekwenda kulia kama mlevi."

Mkunga alisogeza mraba karibu na macho yake. "Kweli," alisema. Akachukua mkasi mdogo, akakata uzi, akaanza kufumua. "Haya, nani ana habari? Nikishona siwezi kusimulia. Leo ni zamu yenu."

Blanketi lilichukua muda mrefu kuliko yote waliyowahi kushona. Mama Pacha alituma fungu lake kwa basi, na Wifi akaunganisha vipande vyote. Wakati huo Mwalimu alikuwa amenunua cherehani ya mkono na kuomba aingizwe. Mama Pacha aliwauliza wenzake kwanza, wakakubali, akamfungulia. Mwalimu alishona vibaya, akafokewa kama mwanafunzi, akafurahi.

Siku ya kulipeleka wodini, Wifi na Mkunga waliingia na simu. Muuguzi aliruhusu blanketi lionyeshwe, lakini watoto wasionyeshwe. Mama Pacha alikuwa kwake, simu mkononi, anatoka sebuleni kwenda jikoni na kurudi. Mumewe alinyanyua miguu kumpisha.

Kwenye kioo aliona kitanda cheupe kidogo, na mikono ya Mkunga ikilinyoosha blanketi juu yake, taratibu, mpaka pembe zote zikakaa. Kisha uso wa Mkunga ukajaza kioo kizima.

"Limekaa," alisema. "Haya, Jumamosi tunakata nini? Msiniache mikono mitupu."