Msalaba wa Nta

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu Enora akiwa na miaka kumi na sita. Kiangazi kile walikuwa wakizunguka pwani ya Bretagne kwa mashua ya tanga, vijana sita na nahodha wao, mama mkali aitwaye Madalen.

Tanga likachanika karibu na kisiwa. Madalen akawatuma Enora na Goulven wakanunue nta ya kupaka uzi wa kushonea. Duka limefungwa. Goulven akaingia kanisani, akatoka na kimsalaba cha nta chenye jina la mtu, kile ambacho watu wa kisiwani hukizika badala ya mtu wao aliyezama, bahari isipomrudisha.

"Kirudishe, wewe," Enora akamwambia. "Huo ndio mwili wake huyo aliyezama."

"Mwili gani? Huyo kashaliwa na samaki zamani. Nta ni nta, dada."

Madalen hakuambiwa. Tanga likashonwa kwa uzi uliopakwa nta ile, likapandishwa.

Ukungu uliwafunika mchana ule ule, mzito, giza kama ndani ya pipa. Mvua haikunyesha, lakini kila tundu la sindano lilidondosha maji, to, to, to. Kisha kucha zikaanza kukwaruza ubao chini ya miguu ya Goulven. Akihama, zinamfuata.

"Turudi," akasema. "Nikamwombe radhi."

Walirudi. Goulven aliingia kanisani na kipande cha nta kilichobaki, Enora nyuma yake. Pale alipokichukua kile cha kwanza palikuwa na kimsalaba kipya, bado kina joto, kimeandikwa kwa ukucha: Goulven Kerbiriou.