Ukurasa wa Asubuhi

Kila alasiri Honorata alipokuwa akianua dagaa wake pale Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, wavuvi walimwita, "Mama Wema, ziwa linasemaje?" Alifungua tovuti ya hali ya hewa, akawasomea. Walimwamini kabisa.

Siku moja alifungua ukurasa asubuhi. Jioni mumewe, Gervasi, alipomuuliza habari za ziwa, Honorata akatazama simu. Ukurasa ulikuwa bado wazi.

"Shwari," akasema.

Gervasi akaenda zake kuvua. Upepo wa kusini ukapindua mtumbwi wake. Mwili wake ulipatikana Kagunga.

Matanga yalipokwisha, jirani yao Yunisi, mwalimu wa kompyuta, alimkuta Honorata akiikodolea macho simu.

"Tovuti ilisema shwari, mwalimu. Niliona kwa macho yangu."

Yunisi akaketi kando yake. Maneno haya yalikuwa machungu kuyatamka. "Uliona ya asubuhi. Ukurasa ukiachwa wazi, unaweza kubaki vilevile. Mchana walitoa onyo la upepo."

Honorata akaiweka simu chini. "Basi nimemuua mimi."

"Hukujua, Mama Wema. Lakini shemeji yako Oswald bado anaingia ziwani. Lete simu."

Jamani, tovuti haimfuati mtu nyumbani. Lakini kuna njia, na Yunisi alimwonyesha.

"Unaona alama hii ya rangi ya chungwa, yenye nukta na mistari iliyopinda? Huu ni mlisho, orodha ya habari mpya za tovuti. Tovuti nyingi zinao. Naweka programu ya kusomea milisho, naipa anwani ya mlisho huu. Kikitoka kitu kipya, programu inakuletea yenyewe, pamoja na saa kilipotolewa. Ukitaka habari za tovuti nyingine, unaongeza humo humo."

"Bila mimi kwenda kuchungulia?"

"Bila. Ila bando lisikuishie. Na uanze kusoma saa."

Wiki iliyofuata Oswald alikuwa akipakia taa za kuvulia. Simu ikalia. Honorata akasoma saa, kisha onyo.

"Shemeji, shusha taa."

"Mbona ziwa limetulia?"

"Hata siku ile lilikuwa limetulia."

Oswald akashusha taa. Wenzake nao wakashusha.

Kabla jua halijazama, upepo ulikuwa unang'oa mabati. Mke wa Oswald alikuja kumshukuru. Honorata aliitikia vizuri, akamkaribisha chai, kisha akaingia chumbani akalia kwa uchungu. Onyo kama hilo lilikuwepo siku ya Gervasi pia.

Wavuvi bado wanamuuliza ziwa linasemaje. Siku hizi anawatajia saa kwanza.