Mashine ya Mayai Mbele ya Kamati ya Bajeti

Nyumba ile haikuamshwa na jogoo. Iliamshwa na vifaranga. Walilia piyo, piyo kwenye maboksi ya sebuleni na ya ukumbini. Wakizidi, walilia hata chini ya kitanda.

Kazi hiyo ilikuwa ya mama mwenye nyumba. Watu wa mtaani walimwita Mama Vifaranga. Alikuwa na mashine ya kutotolesha mayai. Aliweka mayai ndani, umeme ukayapa joto, na baada ya wiki tatu vifaranga wakatoka. Majirani walinunua wakafuga. Watoto wake walisoma kwa kazi hiyo.

Mumewe aliitwa Spika. Hakuwa na cheo chochote. Ni sauti tu. Ilikuwa kubwa kama spika ya mnadani. Akikusalimia kwa upole, mtaa mzima uliitikia.

Lakini mashine ilikuwa imezeeka. Leo inapoa, kesho inaunguza. Wiki iliyopita iliharibu trei nzima. Mama Vifaranga alipasua yai moja kuangalia. Alilifunika upesi akafungua madirisha yote. Viza!

"Basi," alisema. "Akiba imetimia. Tunanunua mashine mpya."

Jioni hiyo hiyo Spika aliingia mbio, redio mkononi.

"Mke wangu, tumekwisha! Serikali inatoza ushuru mpya kwenye vifaa vyote vya umeme vya kutoa joto. Majiko, hita za maji, na mashine yetu! Nimempigia simu muuza mashine. Keshapandisha bei. Anasema akiba yetu sasa itanunua mlango wa mashine tu."

"Mlango tu?"

"Na kitasa. Labda."

Mama Vifaranga hakutazama anakokaa. Alikaa juu ya boksi. Boksi likalia piyo! Akasimama.

"Usihofu," alisema Spika. "Kesho naenda kwa mbunge na trei ya mayai. Mkono mtupu haulambwi."

Bahati nzuri, mdogo wake Mama Vifaranga alikuwa mezani, amekuja kula. Dada huyo alikuwa karani wa Kamati ya Bajeti bungeni. Aliweka kijiko chini.

"Peleka, shemeji. Utalala mahabusu na mayai yako. Hiyo ni rushwa. Hata yakiwa viza, ni rushwa."

"Sasa nifanyeje, na sheria imeshapita?"

"Nani kakwambia imepita? Huo ni muswada. Muswada si sheria. Ni pendekezo la serikali. Umesomwa bungeni mara ya kwanza tu, na sasa uko kwenye Kamati yetu."

"Kamati ndiyo nini hasa?" aliuliza Mama Vifaranga.

"Ni wabunge wachache, dada, waliopewa kazi ya kuuchambua. Bunge zima likikaa kubishana juu ya kila neno, watazeekea humo. Kwa hiyo Kamati inasoma kifungu kwa kifungu. Inaiita wizara ijieleze. Inawaita wananchi watoe maoni. Ikiona kasoro, inapendekeza marekebisho. Kisha inaandika taarifa na kuipeleka bungeni, na wabunge wote wanaamua."

"Kama ninavyomulika mayai kwa taa kabla ya kuyaweka, nitoe mabovu."

"Haswa."

"Basi nitakwenda kuwamulika mimi!" alinguruma Spika. Vifaranga wote wakanyamaza.

"Nenda, shemeji. Mlango uko wazi. Ila tangazo la kuita maoni lina siku ya mwisho. Ikipita, imepita."

"Basi utuandikie wewe, shemeji yangu mzuri."

"Wapi! Mimi karani wa Kamati, siwezi kumwandikia mtu maoni. Nakwambia ninayomwambia kila anayepiga simu ofisini. Taja kifungu. Eleza kinakuumiza vipi. Sema ungependa kiandikwe vipi. Kwisha."

Kesho yake Spika aliandika mpaka kalamu ikapata moto. Mama Vifaranga akasoma. Maoni yalianza hivi: "Enyi wabunge mliosahau mlikotoka!"

"Baba watoto, kifungu kiko wapi?"

"Kinakuja. Ukurasa wa nne."

Mama Vifaranga alichukua karatasi nyingine. Aliusoma muswada kwa kidole, neno kwa neno, hadi akakipata. Kilikuwa kifungu cha kumi na mbili. Kilisema, "vifaa vyote vya umeme vya kutoa joto." Akaandika: "Tunaomba yaongezwe maneno haya: isipokuwa mashine za kutotolesha mayai." Akaongeza na ombi la pili, ushuru wa chakula cha kuku upunguzwe. Watotoleshaji wenzake walitia saini. Maoni yakafika kabla ya siku ya mwisho, na Kamati ikawaita.

Getini pa bunge, askari alishika kalamu.

"Jina?"

"Spika," alijibu Spika kwa mazoea.

Askari alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mzee, Spika ameshaingia. Na gari lake."

"Mimi ni Spika wa mtaani."

"Basi pitia mlango wa wageni."

Chumba cha Kamati kilikuwa na meza ndefu, vipaza sauti na glasi za maji. Wabunge walikaa upande mmoja. Ofisa wa wizara alikaa pembeni na jalada nene. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, miwani yake kwenye ncha ya pua.

Spika aliwahi kipaza sauti. "WAHESHIMIWA!"

Vipaza sauti vilipiga mluzi. Mbunge mmoja aliyekuwa anasinzia aliruka akasema, "Naafiki!"

"Mheshimiwa, bado hatujafika huko," alisema Mwenyekiti. Akamgeukia Spika. "Na wewe baba, wewe huhitaji kipaza sauti."

Mama Vifaranga alimvuta mumewe koti hadi akaketi. Akasimama yeye. Alitaja kifungu na kueleza shida yake.

Ofisa wa wizara akainua mkono. "Mwenyekiti, tukiwasamehe hawa, wajanja wataingiza nchini majiko na hita na kuziita mashine za mayai. Mapato ya serikali yatapotea."

Wabunge waligeuka kumtazama Mama Vifaranga. Ilikuwa hoja ya kweli. Mama Vifaranga hakuwa ameiwaza.

"Mama," aliuliza mbunge mmoja, "kwani mashine yako haiwezi kupika?"

Hilo alilijua fika.

"Mheshimiwa, joto lake ni la kuku anayelalia mayai. Ukiweka sufuria ya maji humo, utazeeka na chai haijachemka. Na siku ikipata joto la kuchemsha chai, mimi sitapata vifaranga. Nitapata mayai ya kuchemsha."

Wabunge walicheka. Hata ofisa alificha mdomo kwa jalada.

"Basi sheria iseme hivyo," aliendelea. "Isamehe mashine ambayo haiwezi kupita joto la kutotolesha. Jiko likijiita mashine ya mayai, lipimwe. Litaumbuka."

Ofisa aliandika. "Hilo linapimika," alikubali.

"Na chakula cha kuku?" aliuliza Mwenyekiti. "Ushuru ule unaleta mapato. Tukiupunguza, pengo tuzibe na nini?"

Mama Vifaranga alifikiri. "Mwenyekiti, sijui."

"Ahsante kwa kusema kweli."

Huko nje Spika alifura. "Hawajatujibu!"

"Watajibu kwenye taarifa, shemeji," alisema karani. "Kwanza wasikilize wengine, wapime hoja, waandike. Subira."

Subira ilikuwa ngumu. Mashine kuukuu ilizimika mara mbili wakati mayai yako ndani. Mama Vifaranga aliizungushia blanketi kama mgonjwa. Muuza mashine naye alipiga simu kila mara: "Nunua sasa, mama, bei inakimbia!"

Hatimaye siku ya bunge ikafika. Familia ilizunguka redio. Taarifa ya Kamati ilisomwa. Kisha marekebisho, moja baada ya jingine.

"Kifungu cha kumi na mbili," ilisema redio. "Kamati inapendekeza kuongeza maneno: isipokuwa mashine za kutotolesha mayai ambazo joto lake haliwezi kuzidi kiwango cha kutotolesha. Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

"Siyo," zikasema sauti chache.

"Walioafiki wameshinda."

Spika alimbeba mkewe juu juu. Alitaka kupiga kelele, lakini badala ya sauti yalimtoka machozi. Watoto walimwangalia kwa mshangao. Hawakuwahi kumwona baba yao akikosa la kusema.

Baadaye Rais alitia saini, na muswada ukawa sheria. Majiko na hita zilipanda bei. Mama Vifaranga alikwenda dukani na nakala ya sheria. Muuzaji alijaribu kumtajia bei mpya. Yeye akamsomea kifungu cha kumi na mbili pale pale, mbele ya wateja. Muuzaji alikohoa, akamtajia bei ya zamani.

Mayai ya kwanza kwenye mashine mpya yalipasuka vizuri. Karibu trei nzima ilitotoa. Wanunuzi walijaa barazani tangu asubuhi. Karani naye alipita, akamletea dada yake nakala ya taarifa ya Kamati. Mama Vifaranga alitafuta ombi lake la pili.

"Kuhusu ushuru wa chakula cha kuku," alisoma polepole, "Kamati haikukubali kwa sasa."

"Si nilisema!" alisema Spika. "Wamekataa!"

Mama Vifaranga aliweka kidole juu ya maneno mawili ya mwisho: kwa sasa.

"Soma vizuri, baba watoto. Bajeti huja kila mwaka." Akamgeukia mdogo wake. "Eti, ushuru ule unaingiza kiasi gani? Nikaulize wapi?"